Nyumba za Kioo: Riwaya ya Zamani na Watu wa Leo

Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima. Yafuatayo ni maneno ya mwalimu kama yalivyosemwa redioni. Kiongozi wa kikundi ayasome tena polepole baada ya kusikiliza, kisha wanakikundi wajibu maswali yaliyo mwishoni.

MANENO YA KUJUA KWANZA

Riwaya: hadithi ndefu ya kubuni iliyoandikwa kitabuni.
Dola: serikali pamoja na nchi na nguvu zake zote.
Sare: nguo za namna moja zinazovaliwa na watu wote wa kundi.
Sitara: kitu kinachomfunika mtu na kumlindia heshima yake, kama vile nguo, pazia au ukuta.
Ratiba: orodha ya saa na kazi za kila saa.

SOMO

Mlioketi katika vikundi, sogeeni karibu na redio. Mnaosikiliza peke yenu nyumbani, wekeni karatasi na kalamu tayari.

Vitabu vingi hutueleza mambo yaliyokwisha kupita. Leo nataka tuzungumze juu ya kitabu kinachoeleza mambo ambayo hayajatokea. Mwandishi wake aliyatazama mambo ya siku zake, akayavuta mbele kama mtu avutavyo uzi, ili aone yatafika wapi. Waandishi wengine wamefanya hivyo kwa matumaini, wakabuni nchi njema isiyo na njaa wala vita. Huyu alifanya kwa hofu. Alibuni nchi ambayo njaa imekwisha, vita imekwisha, kila kitu kimepangwa sawasawa, na mtu ameharibika.

Jina la kitabu hicho ni Sisi. Kwa Kirusi, lugha aliyoiandikia mwandishi, kinaitwa My. Aliyekiandika ni Yevgeny Zamyatin, naye alikiandika katika miaka ya 1920 na 1921. Basi zaidi ya miaka mia moja imepita. Swali letu ni hili: kwa nini kitabu cha zamani namna hiyo, kilichoandikwa katika nchi ya mbali yenye baridi kali, bado chamgusa mtu anayekisoma leo? Wengi hujibu upesi kwamba mwandishi alitabiri yajayo. Jibu hilo halitoshi, na kabla hatujaagana nitawaeleza sababu.

Hadithi yenyewe

Kwanza tuijue hadithi. Dunia imepigana vita vya miaka mia mbili, mji na shamba. Waliobaki hai ni sehemu mbili tu katika kumi za watu wote. Waliobaki wakapata chakula kipya kinachotengenezwa kwa mafuta ya petroli, na njaa ikakoma. Kisha ikasimama serikali moja juu ya dunia nzima, iitwayo Dola Moja, na sasa imekaa miaka elfu. Mkuu wake huitwa Mfadhili. Mji umezungushiwa ukuta mkubwa, Ukuta wa Kijani. Nje ya ukuta kuna misitu, wanyama na ndege; ndani hakuna hata jani lililoota kwa hiari yake.

Watu wa mji huo hawana majina. Kila mtu ana herufi na namba, na wenyewe huitana "namba". Wote huvaa sare ya rangi ya buluu na kijivu, na kifuani wamebandika bamba la dhahabu lenye namba. Anayetusimulia hadithi ni mwanamume aitwaye D-503. Yeye ni mtu wa hesabu na ndiye mjenzi mkuu wa chombo cha kwenda kwenye nyota. Dola inataka kupeleka chombo hicho kwa viumbe wa nyota nyingine, ili nao wafundishwe kuwa na furaha kwa hesabu. Gazeti la Dola limewataka watu waandike sifa za nchi zipakiwe humo. D-503 ni raia mwema, basi anaanza kuandika. Kitabu chote ni maandishi yake, sura arobaini.

Sasa sikilizeni jinsi siku yao inavyokwenda. Ipo Ratiba ya Saa, na kila nyumba imeitundika ukutani. Asubuhi watu wote huamka dakika moja. Wote huanza kazi dakika moja. Wakati wa chakula wote huinua kijiko pamoja, na kila tonge sheria imeagiza litafunwe mara hamsini. Jioni hutembea barabarani wanne wanne, kwa mpigo wa muziki wa kiwanda. D-503 anasema kwamba kitabu bora kuliko vyote walivyoacha watu wa kale ni ratiba ya gari la moshi. Hasemi hivyo kwa mzaha. Ni saa mbili tu kila siku mtu anapoachiwa afanye apendavyo: saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na saa tatu hadi saa nne usiku. Naye D-503 anaona haya juu ya saa hizo mbili, na anatumaini kwamba siku moja zitaingizwa katika hesabu kama nyingine.

Jambo la kushangaza zaidi ni nyumba zenyewe. Kuta ni za kioo, sakafu ni ya kioo, dari ni ya kioo. Ukiwa chumbani mwako unamwona jirani wa kulia na wa kushoto, wa juu na wa chini, naye anakuona. Walinzi wa Dola hupita na kutazama, na kazi yao ni nyepesi. Pazia lipo, lakini huruhusiwi kuliteremsha upendavyo. Mtu na mwenziwe wakitaka kuwa faragha hupewa tikiti ya rangi ya waridi, nayo huonyeshwa mlangoni kwanza. Muda wa tikiti ukiisha, pazia hupanda.

Sisi tuna msemo kwamba nyumba njema si mlango, na maana yake ni kwamba wema wa nyumba haujulikani mpaka uingie ndani. Katika mji wa D-503 msemo huo hauna maana, kwa kuwa hakuna ndani.

Basi D-503 anakutana na mwanamke aitwaye I-330. Mwanamke huyu huvuta sigara, hunywa pombe, hucheka pasipo ratiba, na ana marafiki wanaojua njia ya kutoka nje ya ukuta. D-503 anampenda na hajui ni ugonjwa gani umempata. Usingizi unamtoka, anaanza kuota ndoto. Anakwenda kwa daktari. Daktari anampima na kumwambia kwamba hali yake ni mbaya: roho imeota ndani yake. D-503 anauliza kama kuna dawa, na anajibiwa kwamba ugonjwa huo hautibiki.

Yupo mwanamke mwingine, O-90, ambaye amekuwa rafiki wa D-503 kwa tikiti. Yeye ni mfupi kwa sentimita kumi kuliko kipimo ambacho sheria imewawekea wanawake wanaoruhusiwa kuzaa. Hata hivyo anatamani mtoto, na anachukua mimba akijua kwamba adhabu yake ni kifo. Mtaona kwamba katika kitabu hiki kizima, yeye asiyejua hesabu wala siasa ndiye anayefanya jambo gumu kuliko wote.

Inafika Siku ya Kauli Moja, siku ya kumchagua Mfadhili. Uchaguzi wao hufanywa hadharani kwa kuinua mikono, na kwa miaka mingi hapajawa na mkono hata mmoja uliopinga. Mwaka huu maelfu ya mikono inainuka kupinga. Watu wanapigwa na butwaa, fujo inatokea. Kesho yake asubuhi gazeti la Dola linatoa habari kwamba Mfadhili amechaguliwa tena kwa kauli moja.

Serikali inaona hatari, nayo inatangaza dawa. Waganga wake wamegundua mahali katika ubongo panapozaa mawazo ya kubuni, nao wanaweza kupachoma kwa miali ya eksirei mara tatu, mtu akapona kabisa. Kila namba inatakiwa iende ikatibiwe. Mwishoni D-503 anakamatwa na kutibiwa. Anakwenda kwa Mfadhili na kueleza yote anayoyajua juu ya rafiki zake. Kisha anaketi na kumtazama I-330 akiteswa mara tatu ndani ya chombo cha kioo ambamo hewa hunyonywa. I-330 hasemi neno. D-503 anamtazama bila kuona uchungu wowote. Hata hamkumbuki vizuri.

Lakini O-90 hayumo tena mjini. I-330 alikwisha kumsaidia kuvuka ukuta na mimba yake. Ukuta wenyewe umevunjwa mahali, ndege wameingia mjini, na mapigano hayajakwisha. D-503 anaandika kwamba ana hakika serikali yake itashinda. Msomaji hana hakika.

Mtu aliyekiandika

Sasa tumtazame mwandishi, maana hapo ndipo tutakapoanza kupata jibu la swali letu. Zamyatin alizaliwa mwaka 1884 katika mji mdogo wa Lebedyan, Urusi. Alisomea ujenzi wa meli. Alipokuwa mwanafunzi alijiunga na Wabolshevik, waliokuwa wakipigana na ufalme, na mwaka 1905 serikali ya mfalme ilimkamata na kumtia gerezani peke yake chumbani. Kumbe si mtu aliyeogopa mapinduzi. Aliyataka, akayaumia.

Mwaka 1916 alipelekwa Uingereza, kaskazini, upande wa Newcastle, kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu zilizokuwa zikitengenezwa huko kwa ajili ya Urusi. Alikaa mpaka mwaka 1917, akarudi kwao wakati wa mapinduzi. Huko Newcastle aliona viwanda vikubwa, filimbi za kuanza kazi, watu maelfu wakiingia mlango mmoja dakika moja. Aliona pia watu wa makamo wenye nyumba zinazofanana, desturi zinazofanana na Jumapili zinazofanana. Aliandika hadithi juu ya Waingereza hao kabla ya Sisi, na ndani yake mna padri aliyejiwekea ratiba ya kila kitu: saa ya chakula, saa ya toba, hata siku za kukaa na mkewe. Mtu akisoma hadithi ile kisha asome Sisi, atamwona yule padri amekuwa Dola nzima.

Wako wasomaji wengi, hasa katika miaka ambayo Marekani na Urusi zilikuwa zikitishana kwa silaha kubwa, waliokichukua kitabu hiki kama fimbo ya kuipigia Urusi. Ni kweli kwamba Zamyatin aliiona serikali mpya ya Urusi ikifunga midomo ya watu, na kitabu chake kinaionya. Lakini mbegu za kitabu zilitoka pia Uingereza, na nyingine Marekani.

Saa na beleshi

Hiyo mbegu ya Marekani ina jina la mtu. D-503 anamsifu mtu mmoja wa kale kuliko wote, naye si mfalme wala nabii. Ni Frederick Winslow Taylor, Mmarekani aliyeishi kweli, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufa mwaka 1915. Taylor alisimama viwandani na saa ya kupimia sekunde mkononi. Alipima mfanyakazi anainamaje, anainukaje, anapiga hatua ngapi, kisha akaondoa kila mwendo usio na faida. Katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem alichunguza hata watu wa beleshi, akaona kwamba mtu huchota mzigo mkubwa zaidi kwa siku kama kila beleshi linabeba ratili 21 hivi, yaani karibu kilo tisa na nusu. Likizidi anachoka, likipungua anapoteza wakati. Kwa hiyo waliwekewa mabeleshi makubwa kwa vitu vyepesi na madogo kwa vitu vizito. Mwaka 1911 alitoa kitabu juu ya maarifa haya, nacho kikasomwa duniani kote. Lenin mwenyewe, kiongozi wa Urusi mpya, aliyasifu mambo mengi ya Taylor na kutaka viwanda vya Kirusi viyafuate.

Hapa inatupasa tuwe waangalifu. Taylor hakuwa mtu wa ajabu, na beleshi linalofaa kazi ni jambo jema. Mkulima yeyote anajua tofauti ya jembe zuri na jembe baya. Zamyatin mwenyewe alikuwa mhandisi. Alipenda hesabu, na meli zake zisingeelea bila hesabu. Alichouliza ni hiki: ikiwa saa nane za kazi zimepimwa hivyo, ni kitu gani kitakachozuia zile saa kumi na sita zilizobaki zisipimwe pia? Nani atakayesema basi, inatosha? D-503 anasema kwa masikitiko kwamba Taylor alikuwa na akili nyingi, lakini hakufika mwisho. Hakuwaza kuzipima saa zote ishirini na nne.

Safari ya kitabu

Kitabu chenyewe kilipata taabu kama za watu wake. Zamyatin alikisoma kwa sauti mbele ya waandishi wenzake, lakini hakuruhusiwa kukipiga chapa Urusi. Mwaka 1924 kilitokea kwanza New York, kwa tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1927 sehemu zake zilitolewa kwa Kirusi katika gazeti la Warusi waliohamia Prague. Jambo hilo lilimponza. Mwaka 1929 alishambuliwa vikali magazetini kwao, akajitoa katika chama cha waandishi, na milango ya wapiga chapa ikafungwa.

Mwaka 1931 alimwandikia barua Stalin mwenyewe. Hakuomba msamaha. Alieleza kwamba kwa mwandishi, kunyimwa kuandika ni hukumu ya kifo, akaomba ruhusa ya kuondoka nchini. Kwa msaada wa mwandishi mkubwa Maxim Gorky, ruhusa ilitoka. Akaenda kukaa Paris, akafa huko mwaka 1937 akiwa mtu wa hali ya chini. Kitabu kizima kwa Kirusi kilipigwa chapa New York mwaka 1952. Katika nchi yake kilichapishwa mwaka 1988. Hesabuni wenyewe: tangu 1921 mpaka 1988 ni miaka 67. Mtoto aliyezaliwa mwaka kilipomalizika alikuwa babu alipoweza kukisoma pasipo kujificha.

Lakini wakati huo kilikuwa kimekwisha kuzaa vitabu vingine. George Orwell, Mwingereza ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa Shamba la Wanyama, kitabu alichokitafsiri Fortunatus Kawegere na kutolewa Nairobi mwaka 1967, alisoma Sisi kwa Kifaransa. Aliandika juu yake gazetini mwezi wa Januari 1946, na mwaka 1949 akatoa riwaya yake mwenyewe iitwayo 1984. Anayesoma vitabu hivyo viwili atauona undugu wake: mtu mmoja anayeandika kumbukumbu zake, mwanamke anayemfungua macho, mtawala asiyepingwa, na mwisho wa mtu kuvunjwa moyo.

Ipo tofauti moja kubwa, nayo ndiyo inayonifanya nikichague Sisi kwa somo hili. Katika 1984 watu wana njaa, nguo zimechakaa, na wanatawaliwa kwa hofu. Katika Sisi watu wameshiba, wamevaa vizuri, nao wanafurahi. D-503 anaipenda nyumba yake ya kioo. Angependa vioo visafishwe zaidi.

Kwa nini hakijazeeka

Sasa turudi kwenye swali letu. Nilisema kwamba utabiri hautoshi kuwa jibu. Kama thamani ya kitabu ingekuwa utabiri, tungekipima kama mtabiri wa mvua. Mengine aliyapata: chombo cha kwenda angani kilirushwa kweli, na magazeti kweli yalikuja kuandika kauli moja mahali ambapo haikuwapo. Mengine hakuyapata: hatuli petroli, wala dunia haina serikali moja. Kitabu cha namna hiyo tungekiweka kabatini baada ya kuhesabu.

Zamyatin hakueleza mashine. Alieleza mapatano. Mapatano yenyewe ni haya: mtu atoe uhuru wake, apewe utulivu. Dola Moja huwafundisha watu wake kwamba watu wawili wa kwanza, katika bustani ya kwanza, walipewa wachague furaha isiyo na uhuru au uhuru usio na furaha. Wakachagua uhuru, na tangu hapo binadamu analia. Sasa Dola imekuja kurekebisha kosa lile. Mapatano haya hayana tarehe. Kila kizazi huletewa karatasi yake ya kutia sahihi, yenye maneno mapya.

Fikirini juu ya simu iliyo mfukoni mwenu. Simu za siku hizi zaweza kuhesabu hatua unazotembea, kujua mahali ulipo, na kukumbuka ulichotazama jana usiku. Ziko programu za mikopo zinazotaka ruhusa ya kusoma majina ya jamaa na rafiki zako kabla hazijakukopesha shilingi. Wako wafanyakazi wa maghala na madereva ambao kompyuta huwapima kila dakika, na Taylor angewaonea wivu wenye kompyuta hizo. Tena wengi wetu hujipiga picha wenyewe, chakula chetu, watoto wetu na vyumba vyetu vya kulala, tukazionyesha kwa watu tusiowajua. Hatukulazimishwa. Hata D-503 hakulazimishwa kuipenda nyumba yake.

Msikilizaji mmoja atasema, "Mwalimu, mimi sina la kuficha." Hayo ndiyo maneno ya D-503 mwanzoni mwa kitabu, ingawa hakuyasema hivyo. Mimi nitamjibu kwa neno letu la zamani, sitara. Mzee wa Kiswahili alipojenga nyumba aliweka ukumbi kwa wageni na ndani kwa wenyewe. Hakuweka ndani kwa sababu alikuwa mwizi. Aliweka kwa sababu mtu ana mambo yasiyo ya dhambi na yasiyo ya wote: maradhi yake, deni lake, sala yake, ugomvi na mkewe na suluhu yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mji wa kioo kila mtu ni kata, na hakuna mtungi uliobaki na siri. D-503 alipokuwa hana pa kujificha, hakuwa na mahali pa kuwazia pia. Alianza kuwaza siku aliyopata jambo asilotaka lionekane.

Lakini tusizidishe. Simu si Dola Moja. Simu imempelekea mama fedha kutoka kwa mwanawe aliye mbali, na imemfikisha mganga kwa mgonjwa kabla hajafa. Hesabu ya watoto waliochanjwa inaokoa maisha, na haiwezi kufanywa bila kuandika majina. Ratiba ya somo hili imewawezesha ninyi nyote kukutana hapa saa hii. Anayesema kwamba kila kuhesabiwa ni utumwa hakukisoma kitabu vizuri. Kitabu kinatupa kipimo, nacho ni pazia. Ukitaka kujua kama jambo jipya ni chombo chako au ni nyumba ya kioo, uliza: je, naweza kuteremsha pazia? Naweza kuliteremsha bila kuomba tikiti? Na nikiliteremsha, nitaadhibiwa, au nitanyimwa mkopo, kazi au heshima? Majibu yake yatakuonyesha uko upande gani wa ukuta.

Liko jambo la pili, nalo ni la hesabu. D-503 anamwambia I-330 kwamba mapinduzi hayawezi kutokea tena, kwa kuwa yale yaliyoleta Dola Moja yalikuwa ya mwisho. Mwanamke anamwomba amtajie namba ya mwisho. D-503 anajibu kwamba hiyo haipo, maana namba hazina mwisho. Naye I-330 anamuuliza ni mapinduzi gani basi ya mwisho anayoyataka. Mtu wa hesabu ameshindwa kwa hesabu yake mwenyewe.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ulipo moyo wa kitabu. Zamyatin hakuwa na shida na watu waliotaka dunia njema. Yeye mwenyewe aliitaka, akafungwa kwa ajili yake. Shida yake ilikuwa na wale wasemao tumefika, sasa kaeni kimya. Wakati wowote mtu anapotuambia kwamba maswali yamekwisha, awe mwenye serikali, mwenye kiwanda au mwenye mashine yenye akili kuliko sisi, yafaa tumwombe namba ya mwisho. Jambo hilo halitazeeka, kwa sababu namba ya mwisho haitapatikana.

Na ninyi watu wazima mnaojifunza, kitabu hiki kinawahusu zaidi ya wengine. Shuleni D-503 aliwahi kufundishwa hesabu moja isiyoingia katika akili yake, akalia na kupiga meza akiomba itolewe kichwani mwake. Alitaka kujua yale tu yaliyokwisha kupangwa. Mtu anayerudi darasani baada ya miaka arobaini amefanya kinyume chake. Amekubali kwamba kuna jambo asilolijua, na hakuona haya. Hilo tu latosha kumweka nje ya Dola Moja.

Tumefika mwisho wa somo. Kitabu chenyewe hakina kurasa nyingi, na mwenye kusoma Kiingereza au Kifaransa aweza kukipata katika maktaba kubwa. Akisome, kisha awasimulie wenzake. Mimi nawatakieni heri, na karibuni tena katika somo lijalo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini D-503 anaona haya juu ya zile saa mbili za kufanya apendavyo?
2. Zamyatin aliyaona mambo gani Uingereza yaliyoingia katika kitabu chake? Kwa nini ni kosa kusema kwamba kitabu chake ni juu ya Urusi tu?
3. Taylor alipima beleshi. Tajeni kazi moja mnayoijua ambayo imekuwa nyepesi kwa kupimwa, na nyingine ambayo imeharibika kwa kupimwa.
4. O-90 alivunja sheria ili azae. I-330 alimsaidia, ingawa wote wawili walimpenda mtu mmoja. Mnafikiri kwa nini?
5. Mtu anayesema hana la kuficha, mtamjibu nini? Jibuni kwa mifano ya nyumbani kwenu.

KAZI YA KUANDIKA

Andika aya moja ya sentensi nane juu ya jambo moja ambalo ungependa libaki nyuma ya pazia, bila kulitaja jambo lenyewe. Eleza tu kwa nini pazia lake lina faida. Usimsomee mtu ila ukitaka mwenyewe.